Askari polisi akivunja sheria, nani humwajibisha?

ASKARI polisi anapomtuhumu raia, njia ya kufuata haina utata: raia hukamatwa, huandika maelezo, hufunguliwa jalada na kufikishwa mbele ya hakimu. Mtuhumiwa anapokuwa askari mwenyewe, wananchi walio wengi hawajui waanzie wapi. Wapo wanaoamini kuwa polisi hashitakiki. Wapo pia wanaodhani kuwa askari akishafukuzwa kazi, shauri limekwisha. Imani zote mbili si sahihi, na zote zimewafanya watu wenye haki waiache haki yao njiani.

Tuchukue mfano wa kubuni, wa kijana mwendesha bodaboda katika Kata ya Ruanda, Wilaya ya Mbozi, mkoani Songwe. Ruanda hii si ile ya jijini Mbeya. Ni kata iliyomo katika wilaya inayosifika kwa kilimo cha kahawa, ambayo hupitiwa na barabara kuu iendayo Tunduma, mpakani na Zambia. Katika wilaya ya namna hiyo malori, pikipiki na ukaguzi wa barabarani ni mambo ya kila siku, na raia na askari hukutana mara kwa mara.

Tuseme kijana huyo amekamatwa jioni kwa kosa la usalama barabarani, akawekwa mahabusu siku tatu bila kufikishwa mahakamani, akapigwa, kisha ndugu zake wakaambiwa watoe fedha ndipo apewe dhamana. Ni makosa mangapi yametendeka hapo, na nani mwenye mamlaka ya kuyashughulikia?

Sheria inasemaje

Kwa hesabu ya haraka, makosa ni matatu. Kwanza, Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, inataka mtu aliyekamatwa bila hati, kwa kosa lisilo na adhabu ya kifo, afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, na kama hilo haliwezekani, apewe dhamana na mkuu wa kituo. Siku tatu kwa kosa la barabarani ni nje ya mpaka huo.

Pili, Katiba ya mwaka 1977, katika ibara ya 13, inakataza mtu yeyote kuteswa au kupewa adhabu ya kinyama au ya kumdhalilisha. Sheria ya mwenendo wa jinai nayo inamtaka askari amtendee aliye chini ya ulinzi kwa utu, na inamruhusu kutumia nguvu kwa kiasi tu kinachohitajika ili kumkamata. Kipigo cha mahabusu hakimo katika kiasi hicho, kwa kuwa mtu huyo amekwisha kukamatwa.

Tatu, dhamana ya polisi haina malipo. Mdhamini hutia saini ahadi, hatoi fedha ya kumshukuru askari. Anayedai fedha hiyo anatenda kosa la rushwa chini ya Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, ambayo adhabu yake ni faini isiyopungua Sh500,000 na isiyozidi Sh1,000,000, au kifungo cha kati ya miaka mitatu na mitano, au vyote viwili.

Hivyo tukio moja limezaa makosa ya aina mbalimbali. Ndiyo maana hata njia za kumwajibisha askari ni zaidi ya moja, na kuifuata moja hakuzifungi nyingine.

Njia ya kwanza: nidhamu ndani ya Jeshi

Jeshi la Polisi linaongozwa na Sheria ya Jeshi la Polisi na Polisi Wasaidizi, Sura ya 322, pamoja na Kanuni za Kudumu za Jeshi hilo, zinazofahamika kwa kifupi kama PGO. Humo ndimo yalimo makosa ya kinidhamu: kutotii amri halali, ulevi kazini, utoro, uzembe, kumkamata mtu bila sababu, kutumia nguvu isiyo ya lazima na kupokea zawadi kwa njia ya kazi.

Askari anayetuhumiwa huandikiwa shitaka, hupewa nafasi ya kujitetea na kuleta mashahidi, kisha ofisa aliyepewa shauri hutoa uamuzi unaopelekwa kwa mkubwa wake ili kuthibitishwa. Magazeti yamezoea kukiita kikao hicho mahakama ya kijeshi. Adhabu zake huanzia onyo na karipio, hupanda hadi faini inayokatwa katika mshahara, kushushwa cheo, na mwisho kabisa kufukuzwa kazi. Kadiri cheo cha mtuhumiwa kinavyopanda, ndivyo mamlaka ya kumwadhibu inavyosogea juu, kutoka kwa makamanda wa mikoa hadi kwa Mkuu wa Jeshi la Polisi, tume ya utumishi na, kwa walio juu kabisa, Rais.

Msomaji atofautishe hapa mambo matatu ambayo huchanganywa mara kwa mara. Kusimamishwa kazi kupisha uchunguzi si adhabu. Ni hatua ya muda. Kuhamishwa kutoka kituo kimoja kwenda kingine si adhabu pia, hata kama wananchi walioumizwa huambiwa kuwa askari huyo sasa hayupo. Kufukuzwa kazi ndiyo adhabu, lakini ni adhabu ya mwajiri kwa mwajiriwa wake. Haimpeleki mtu gerezani kwa kosa la kuua, kubaka au kujeruhi, wala haimlipi aliyevunjwa mkono.

Haki ya askari nayo haina budi kulindwa. Askari aliyefukuzwa bila kusikilizwa anaweza kukata rufaa ndani ya Jeshi na hatimaye kuiomba Mahakama Kuu itengue uamuzi huo. Kiongozi anayemfukuza askari jukwaani ili kuwafurahisha wananchi, bila shitaka wala utetezi, anaweza kumrudishia kazi yake kwa mlango wa mahakama.

Njia ya pili: mashitaka ya jinai

Mbele ya Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, askari ni mtu kama mwingine. Akiua kwa kukusudia, atashitakiwa kwa mauaji. Akijeruhi, kwa kujeruhi. Akitumia madaraka vibaya, kwa kosa hilo. Sare haimpi kinga, na kutii amri iliyo dhahiri kuwa si halali hakumwokoi.

Mfano ulio karibu na watu wa Nyanda za Juu Kusini ni wa Daudi Mwangosi, mwandishi wa kituo cha televisheni cha Channel Ten, aliyeuawa Septemba 2, 2012 katika kijiji cha Nyololo, Wilaya ya Mufindi mkoani Iringa, wakati polisi wakizuia shughuli za chama cha upinzani. Picha zilizopigwa na waandishi wenzake zilimwonyesha akiwa amezingirwa na askari muda mfupi kabla ya kifo. Julai 2016, Mahakama Kuu mjini Iringa ilimtia hatiani askari mmoja, Pacificus Cleophace Simon, kwa kuua bila kukusudia na kumhukumu kifungo cha miaka 15. Shauri lilichukua karibu miaka minne, na aliyefungwa alikuwa askari wa cheo cha chini peke yake.

Kwa upande wa maofisa, shauri linalokumbukwa zaidi ni la wafanyabiashara watatu wa madini kutoka Mahenge, mkoani Morogoro, na dereva wao wa teksi, waliouawa katika msitu wa Pande, Dar es Salaam, Januari 14, 2006. Awali ilidaiwa kuwa walikuwa majambazi waliouawa katika mapambano. Rais Jakaya Kikwete aliunda tume chini ya Jaji Musa Kipenka, na maelezo hayo ya mapambano hayakusimama. Walishitakiwa polisi kadhaa, akiwamo Abdallah Zombe, aliyekuwa ofisa wa ngazi ya juu wa upelelezi Dar es Salaam. Agosti 2009, Jaji Salum Massati aliwaachia huru washitakiwa waliokuwa wamebaki, akieleza kuwa wauaji halisi hawakuwa mbele yake. Upande wa mashitaka ulikata rufaa. Septemba 2016, Mahakama ya Rufani ilimtia hatiani Christopher Bageni, aliyekuwa mkuu wa upelelezi wa Kinondoni, na kumhukumu adhabu ya kifo, huku ikithibitisha kuachiwa kwa Zombe na wenzake wawili. Kati ya mauaji na hukumu hiyo ilipita miaka 10.

Shauri la Mtwara lilikwenda kwa kasi kidogo. Januari 2022 kijana mfanyabiashara wa madini aliuawa mikononi mwa polisi mjini humo, na polisi saba wakafikishwa mahakamani. Juni 2025, Mahakama Kuu iliwahukumu maofisa wawili kunyongwa hadi kufa na kuwaachia huru watano.

Si kila jalada hufika huko. Februari 16, 2018, mwanafunzi wa Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, Akwilina Akwilini, aliuawa kwa risasi akiwa ndani ya daladala Dar es Salaam, wakati polisi wakitawanya waandamanaji. Askari sita walishikiliwa. Baadaye Mkurugenzi wa Mashitaka alilifunga jalada hilo, kwa kuwa haikuweza kuthibitishwa ni nani kati yao aliyefyatua risasi iliyoua.

Mkurugenzi wa Mashitaka ndiye mwenye kauli ya mwisho juu ya nani ashitakiwe. Lakini yeye huamua kwa kusoma jalada, na jalada huandaliwa na wapelelezi wa Jeshi lile lile analotoka mtuhumiwa. Hapo ndipo wananchi husema ni kesi ya nyani kumpelekea ngedere. Hata Rais Samia Suluhu Hassan, Februari 2022, alikataa kuliacha suala la Mtwara mikononi mwa kamati iliyoundwa na polisi, akamwagiza Waziri Mkuu aunde nyingine.

Kifo kikitokea mahabusu

Mtu akifia mikononi mwa polisi, ipo sheria isiyosikika sana, Sheria ya Uchunguzi wa Vifo ya mwaka 1980, Sura ya 24. Sheria hiyo inataka kifo cha namna hiyo kitolewe taarifa na kuchunguzwa na hakimu. Mashahidi huitwa, daktari hueleza alichokiona, na ndugu wa marehemu hupata nafasi ya kusikia chanzo cha kifo mahakamani. Familia inayoharakishwa kuzika inapaswa kujua kuwa inaweza kuomba mwili uchunguzwe na daktari kwanza, na kudai uchunguzi huo wa hakimu. Kaburi likishafukiwa, ushahidi hupatikana kwa taabu.

Njia ya tatu: shauri la madai

Kijana wetu wa Ruanda anaweza pia kudai fidia kwa kukamatwa isivyo halali, kushikiliwa na kupigwa. Kwa kuwa askari alikuwa kazini, Serikali huweza kubeba dhamana ya tendo lake. Sheria ya Mashauri dhidi ya Serikali, Sura ya 5, inamtaka mdai atoe kwanza taarifa ya siku 90, nakala ikienda kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali, ambaye baada ya marekebisho ya mwaka 2020 ni lazima aunganishwe katika shauri. Shauri husikilizwa Mahakama Kuu, ambayo kwa miaka mingi wakazi wa Mbozi wameifuata jijini Mbeya. Muda wa kudai fidia kwa madhara ya namna hii ni miaka mitatu. Wengi hulala usingizi, wakaamka muda umekwisha.

Njia ya nne: Tume na TAKUKURU

Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora ilianzishwa kwa marekebisho ya Katiba ya mwaka 2000 na Sheria Namba 7 ya mwaka 2001. Mwananchi hupeleka malalamiko bila malipo na bila wakili, na Tume inaweza kuita watu, kuingia vituoni na kukagua mahabusu. Udhaifu wake ni kwamba hutoa mapendekezo, haitoi hukumu. Hilo lilionekana katika suala la wananchi wa Nyamuma, wilayani Serengeti, walioondolewa kwa nguvu katika makazi yao mwaka 2001. Tume iliwapa haki, Serikali ikakataa kutekeleza, na mvutano huo ukafika hadi Mahakama ya Rufani.

Kwa rushwa, mlango ni wa TAKUKURU, na simu ya bure ni 113. Faida ya mlango huu ni kuwa mpelelezi si askari polisi. Ndugu anayeombwa fedha ya dhamana afike huko kabla ya kutoa. Akiisha kutoa na kuondoka, hubaki neno lake dhidi ya la askari.

Wenzetu wamefanya nini

Kenya ilipitisha mwaka 2011 sheria ya kuunda mamlaka huru ya kusimamia polisi, IPOA, yenye wapelelezi wake wasiolipwa wala kuamriwa na polisi. Mamlaka hiyo haikumaliza maovu. Juni 2016 wakili Willie Kimani, mteja wake ambaye alikuwa mwendesha bodaboda aliyemlalamikia askari, na dereva wao wa teksi, walitekwa na kuuawa baada ya kutoka mahakamani Mavoko. Lakini uchunguzi ulifanyika, na Februari 2023 Mahakama Kuu mjini Nairobi ilimhukumu askari Fredrick Leliman adhabu ya kifo, na wenzake watatu vifungo vya kati ya miaka 20 na 30.

Kisa hicho kina funzo la pili: mlalamikaji huhitaji ulinzi. Tanzania ilitunga mwaka 2015 Sheria ya Kuwalinda Watoa Taarifa na Mashahidi. Wanaoijua ni wachache, na anayemlalamikia askari anayeishi naye kata moja anaihitaji kuliko wengine.

Hapa nyumbani, suala la kuunda upya chombo hiki limekwisha kusemwa na watu wazito. Tume iliyoundwa na Rais mwaka 2023 kuangalia haki jinai, chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, ilikabidhi ripoti yake Julai mwaka huo na kupendekeza Jeshi la Polisi lifumuliwe na kuwa Huduma ya Polisi, na upelelezi wa makosa makubwa uwe na chombo chake. Ghasia za uchaguzi wa Oktoba 29, 2025, zilizogharimu maisha ya watu katika miji kadhaa, zililirudisha swali hilo mezani. Novemba 2025 Rais aliunda tume nyingine ya uchunguzi, na uenyekiti wake ukapewa Jaji Chande yule yule.

Uwajibikaji wa juu si jambo geni kwetu. Mwanzoni mwa mwaka 1977, Ali Hassan Mwinyi alijiuzulu uwaziri wa Mambo ya Ndani kutokana na mateso na vifo vya mahabusu katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga. Hakumpiga mtu, wala hakuamuru mtu apigwe. Alijiuzulu kwa sababu waliofanya hivyo walikuwa chini ya wizara yake. Miaka minane baadaye alikuwa Rais.

Mwananchi afanye nini

Turudi Ruanda. Hatima ya kijana wetu itategemea sana yatakayofanyika katika siku chache za mwanzo.

Kwanza, ndugu waandike siku na saa aliyokamatwa, kituo alichopelekwa, na jina au namba ya askari. Saa 24 haziwezi kuhesabiwa kama hakuna anayejua zilianza lini.

Pili, akitoka afike hospitali siku hiyo hiyo. Fomu ya polisi namba tatu, PF3, hutolewa na polisi, na huu ni mtego kwa aliyepigwa na polisi. Akinyimwa katika kituo kimoja, aombe kingine. Majeraha makubwa yatibiwe kwanza, fomu ifuate, na cheti cha matibabu kitunzwe kama hati ya shamba.

Tatu, malalamiko yawe ya maandishi, yaanzie kwa mkuu wa polisi wa wilaya, nakala iende kwa Kamanda wa Polisi wa Mkoa wa Songwe na kwa Tume ya Haki za Binadamu. Nakala ya mlalamikaji igongwe muhuri wa kupokelewa. Lalamiko la mdomo halina tarehe wala jalada.

Nne, akiambiwa kuwa askari amehamishwa au amefukuzwa, aulize swali moja: jalada la jinai liko wapi? Kama halikufunguliwa, shauri lake halijaanza.

Askari waaminifu wapo, nao ni wengi. Wanakesha barabarani ili sisi tulale. Hao ndio wa kwanza kuumia mwenzao anapoachwa bila kuadhibiwa, kwa sababu raia wa Ruanda akishapigwa na mmoja, huwaogopa wote, na siku atakapomwona jambazi akipita nyuma ya nyumba yake usiku, hatakwenda kituoni kusema.